Hiyo Ngome Mnaita ya Wareno

Niseme mapema kabla hamjanichana kwa komenti: Fort Jesus si ngome ya Wareno. Ndiyo, najua. Wote tulifundishwa hivyo tukiwa primari. Ilijengwa na nani? Wareno. Mwaka gani? 1593. Unapewa alama zako mbili na unasahau maisha yako yote. Sikatai kwamba walioagiza ijengwe ni Wareno. Ninachokataa ni stori kuisha hapo, kana kwamba aliyetoa amri ndiye peke yake aliyeishi, akapigana, akafungwa na akafa ndani ya zile kuta. Wareno walikaa humo karibu miaka mia na kidogo. Ngome yenyewe imepita miaka 430. Hiyo mingine yote ilikuwa ya nani?

Swali si langu, ni la bro wangu mdogo. Nitafika huko.

Sisi ni watu wa Mbotela, hapa Eastlands, na kwa familia kama yetu Mombasa ni kitu unaona kwa status za watu Desemba. Lakini kuna hesabu ambayo mathe alipiga na nikamvulia kofia. Unapanda SGR ya usiku saa nne pale Syokimau, unafika Miritini kabla ya alfajiri, unakaa Mombasa siku nzima, halafu unarudi na ya saa nne usiku huo huo. Hakuna kulipa hoteli hata usiku mmoja. Tulikuwa watano: mathe, shosho, mimi, bro wa miaka 15 na siz wa miaka 8. Watu wazima wanne kwa 1,500 na mtoto nusu, hiyo ni 6,750 kwenda na 6,750 kurudi. Pesa ilitoka kwa chama cha mathe, zamu yake ilikuwa imefika. Chapati, mayai ya kuchemsha na chai ya thermos vilitoka kejani.

Sasa, huyu bro. Mwaka huu anachagua masomo, na kwa fomu yake historia alikuwa ameshaikata kichwani. Maneno yake, sitii chumvi: "Hiyo ni stori ya wazungu wakipigana na Waarabu. Sisi tulikuwa wapi?" Mathe akakasirika, akasema basi tutaenda uone na macho yako. Ndio hiyo safari ikazaliwa. Wazazi wengine wanabembeleza, wangu anakata tiketi.

Kitu kimoja kuhusu treni kabla tufike. Tulipokuwa tunapita maeneo ya Manyani, kukiwa giza la kufa mtu, shosho ndiye pekee aliyekuwa macho kati ya wetu, ukitoa mimi na simu yangu. Alikuwa ameweka mkono kwa kioo. Baba yake alichukuliwa Aprili 1954 kwenye Operesheni Anvil, ile Waingereza walizingira Nairobi na kuchambua watu mtaa kwa mtaa, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini. Wengi walipelekwa Mackinnon Road na Manyani, huku huku tulikokuwa tunapita kwa treni yenye AC. Shosho alikuwa na miaka 7. Nilijua hiyo stori kwa mbali tu, kama unavyojua jina la mtu wa ukoo hujawahi kumwona. Hakuniambia kitu. Aliuliza tu, "Ni hapa, si ndiyo?" Nikaangalia ramani kwa simu, nikamwambia ni karibu.

Haya, ngome.

Ukisimama kwa mlango wake saa mbili asubuhi jua likiwa bado halijakasirika, kitu cha kwanza kinachokushika si mizinga. Ni rangi ya ukuta. Chini ni mwamba wenyewe wa matumbawe, haujaletwa kutoka popote, umechongwa hapo hapo. Juu yake ndipo mawe yaliyojengwa yanaanza, na huoni vizuri mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Ukiitazama kutoka juu, kwenye mchoro, umbo lake ni kama mtu amelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Pembeni kuna buruji nne, zile kona zinazochomoza ili mlinzi aone ubavu wa ukuta wote bila kutoa kichwa nje. Eneo zima, pamoja na handaki na kando kando yake, ni hekta 2.36. Hiyo ni chini ya ekari sita. Weka hiyo namba kichwani, utaihitaji.

Kwa nini ilijengwa? Kwa sababu Mombasa ilikuwa na kichwa ngumu. Vasco da Gama alipita Aprili 1498, hapakuwa na maelewano, akasonga Malindi alikopokelewa vizuri. Tangu hapo Malindi na Wareno wakawa marafiki, Mombasa na Wareno wakawa kama paka na panya. Mwaka 1505 Wareno wakaichoma. Mombasa ikajengwa tena. Mwaka 1528 wakarudi tena. Ikajengwa tena. Mwaka 1589 ilikuwa mbaya zaidi: Mturuki Amir Ali Bey alikuwa amekaribishwa kisiwani, meli za Wareno zikaja kutoka Goa kumtoa, na bara kukawa na jeshi la Wazimba linasubiri kuvuka. Watu walikuwa katikati, huku bahari huku mikuki. Kisiwa kikavunjika kabisa. Hapo ndipo mtawala wa Malindi, yule rafiki, akahamishiwa Mombasa kama sultani, na Wareno wakaanza kujenga.

Lakini angalia nani alijenga. Amri ilitoka kwa Philip II, mfalme wa Uhispania ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Ureno. Ramani ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Wareno kule India. Waashi waliletwa kutoka India. Vibarua walitoka huku huku Pwani. Na mawe ni ya Mombasa. Kwa hiyo hata ukitaka kubishana kuhusu siku ya kwanza kabisa, Mreno halisi ni wa kutafutwa. Bro aliposikia hiyo akacheka, akasema ni kama zile nyumba za mtaani, mwenye jina kwa hati hajawahi kushika hata karai.

Sasa ingia ndani, nikupe stori ya msee mmoja ambaye mimi sielewi kwa nini hajatengenezewa filamu.

Sultani Hassan bin Ahmad, wa ile familia ya Malindi, alikosana na kapteni wa ngome. Akakimbilia bara. Mwaka 1614 akauawa huko, wauaji wakiwa wamelipwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Aliacha mtoto mdogo, Yusuf. Wareno wakafanya kitu ambacho ukikifikiria vizuri kinatisha kuliko kumuua: walimchukua. Wakampeleka Goa huyo huyo mtoto, akalelewa na mapadri Waaugustino, akabatizwa, akapewa jina jipya, Dom Jerónimo Chingulia. Akapanda meli zao, akapigana vita vyao. Alipokua wakamrudisha Mombasa miaka ya 1620 awe mfalme, Mkristo, mtu wao, kijana waliyemtengeneza wenyewe.

Fikiria hiyo hali. Unarudi kwenu baada ya miaka mingi. Watu wako wanakuona mgeni. Wale waliokulea wanakuona mswahili tu. Na kapteni aliye ngomeni anakudharau mbele ya watu. Ikafika hatua akaonwa akiomba kwenye kaburi la baba yake kwa njia ya Kiislamu, na habari ikawa inaelekea kufika Goa. Tarehe 16 Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, kama mfalme anayekuja kumtembelea kapteni. Akamchoma kisu Pedro Leitão de Gamboa. Ngome yote ile, mizinga yote ile, handaki lote lile, ikaanguka kwa mtu mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kupita mlangoni.

Sitaki kumpaka mafuta. Siku zilizofuata waliuawa watu wengi mjini, Wareno na Waafrika waliokuwa Wakristo, wakiwemo wanawake na watoto, wengi wao kwa sababu walikataa kubadili dini. Ukiniuliza kama Yusuf ni shujaa, nitakwambia alikuwa mtoto aliyeibwa, na alipolipiza kisasi hakuchagua wa kumlipiza. Yote mawili ni kweli na hayafutani. Wareno walikuja na meli mwanzoni mwa 1632 wakaizingira ngome yao wenyewe, wakashindwa. Miezi kadhaa baadaye Yusuf akaamua hawezi kuishikilia, akaondoka kwa meli aliyoteka, na Wareno wakarudi kwenye ngome tupu. Yeye akawa haramia baharini, akafia Jeddah.

Juu ya lango kuna jiwe, kapteni mmoja anajisifu vile alivyonyoosha Pwani yote baada ya hayo. Soma tafsiri yake ukifika. Ni posti ya majivuno, tofauti ni kwamba imechongwa na haiwezi kufutwa.

Mpaka hapo bro alikuwa kimya, lakini si kimya cha kuboeka. Siz alikuwa amepanda mzinga na mathe anamwambia ashuke.

Mzee aliyekuwa akitutembeza, mtu wa Mji wa Kale, kanzu na viatu vya ngozi, alimwita bro "mwanangu" tangu mwanzo. Alikuwa amemsalimia shosho "Shikamoo, mama," na shosho, ambaye hiyo salamu hajaizoea, akajibu "Nzuri sana." Sote tulijifanya hatujasikia. Huyu mzee ndiye alitupeleka kwa kisima. Ni kirefu ajabu, kimechimbwa na Wareno kupita kwenye mwamba wote huo. Akamuuliza bro, "Mwanangu, unadhani walikunywa?" Bro akasema ndiyo. Mzee akatikisa kichwa. Maji yalitoka ya chumvi. Ya kuogea na kufulia tu. Ya kunywa ilibidi wakinge mvua.

Mtu wa Eastlands haelezewi hiyo mara mbili. Tunajua maana ya kupanga mitungi wiki nzima bila tone kwa mfereji. Sasa ongeza jeshi nje ya geti.

Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Omani, Saif bin Sultan, yalifika Mombasa. Watu wakakimbilia ndani ya ngome. Wanajeshi Wareno humo hawakufika hata mia. Walio wengi, zaidi ya elfu moja, walikuwa watu wa Pwani waliokuwa upande wao: Waswahili, watumishi, watumwa, wanawake, watoto. Rudia ile namba niliyokupa. Chini ya ekari sita, na sehemu kubwa ni ukuta na handaki. Kuzingirwa huko kulichukua miezi 33. Si siku. Miezi.

Watu hawakuuawa sana na mizinga. Waliuawa na magonjwa na njaa. Meli za msaada zikija kutoka Goa au Msumbiji zinaleta askari wapya, na baada ya miezi michache askari wapya wamezikwa. Kapteni wa kwanza akafa. Aliyemfuata akafa. Na ikafika mwishoni mwa Agosti 1697, Mreno wa mwisho aliyebaki ndani akafa pia.

Hapa ndipo nataka usome polepole.

Ngome haikuanguka. Kwa wiki kadhaa za mwaka 1697, ngome ya mfalme wa Ureno haikuwa na Mreno hata mmoja. Ilishikiliwa na Bwana Daud, mtu wa familia ya watawala wa Faza kule kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake kumi na kitu, wanaume wachache Waafrika, na wanawake Waafrika kadri ya 50. Hao ndio waliolinda kuta. Adui akileta ngazi, hao ndio waliokuwa juu. Katikati ya Septemba meli za msaada zikafika na kukuta bado wanashikilia.

Moja ya meli zilizokuja mwezi huo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wapiga mbizi waliifukua, na vitu vyake vingine viko humo ndani ya makumbusho hadi leo. Kwa hiyo tunajua vyungu vilivyokuwa kwenye hiyo meli. Tunajua mbao zake. Jina la meli tunalo, jina la jenerali wake tunalo. Bro akamuuliza mzee, "Na hao wamama 50? Majina yao?"

Mzee akasema hakuna aliyeyaandika.

Ni hilo tu. Hakuongeza kitu na bro hakuuliza tena, lakini niliona uso wake. Lile swali lake la "sisi tulikuwa wapi" lilikuwa limejibiwa, na jibu halikuwa tamu. Tulikuwa humo ndani, juu ya ukuta, tukilinda mali ya mwingine. Pengine kwa hiari, kwa sababu Faza ilikuwa na hesabu zake na majirani zake na iliona Mreno ni afadhali. Pengine bila hiari, kwa sababu mtumwa haulizwi anaunga mkono nani. Na tulikuwa nje pia, kwa sababu wenyeji wengi wa Pwani walikuwa wamewaita Waomani wenyewe waje wawatoe Wareno. Ukitaka upande mmoja wa kushangilia katika hii vita, utakosa.

Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, ikiwa imebaki na watu wa kuhesabu kwa vidole. Siku chache tu baadaye meli nyingine za msaada zikatokea, zikaona bendera ya Omani juu ya ukuta, zikageuka.

Yaliyofuata nitayapitia mbio maana ni mengi na mengine ni siasa ya familia. Mwaka 1728 walinzi wa ngome walikosana wenyewe kwa wenyewe na Wareno wakarudi. Novemba 1729 wenyeji wakawatoa, na hapa hakukuwa na jeshi la Imamu, ni watu wa Mombasa wenyewe. Halafu wajumbe wa Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, pamoja na wenzao Wamijikenda, wakavuka bahari kwenda Omani kujadiliana. Tuliwahi kufundishwa hiyo? Mimi sikumbuki. Wakaja Wamazrui, wakatawala kwa karibu miaka mia, na wakakataa kuinamia Omani. Enzi zao ndipo aliishi Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyekuwa akiwachana maadui wa Wamazrui kwa mashairi. Ukipenda rap ya Eastlands, huyo ni babu yako. Seyyid Said akaichukua ngome mwaka 1837, na wakuu wengi wa Wamazrui wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa kufungwa Bandar Abbas na hawakurudi. Mwaka 1875 kamanda wa ngome aliasi, na meli za Waingereza zikaipiga kwa mizinga mpaka akasalimu amri. Katika karne zote hizo, mara nyingi hiyo ngome ilibadilisha mikono kwa njaa, kwa ugomvi wa ndani au kwa mtu kufunguliwa mlango. Mizinga ndiyo inapigwa picha, lakini ilifanya kazi kidogo kuliko inavyojisifu.

Basi tufike sehemu iliyonipeleka kuandika hii posti yote.

Mwaka 1895 Waingereza walipotangaza himaya yao huku, Fort Jesus ikawa jela. Ilibaki jela mpaka 1958. Hiyo ni miaka 63. Fikiria: Wareno, wenye jina lao kila mahali, walikaa miaka mia na kidogo. Jela ya mkoloni ilikaa zaidi ya nusu ya hiyo, na ni juzi. Kuna wazee waliozaliwa Mombasa ambao utotoni, ukiwatajia hilo jengo, hawakufikiria Vasco da Gama. Walifikiria nani alifungwa na anatoka lini.

Ilipofungwa, fedha za kuikarabati zilitoka kwa wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon. Ndiyo, Lisbon, Ureno. Mwanaakiolojia James Kirkman akachimba, akasafisha, na mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho. Ili ngome ya zamani ionekane, majengo ya jela yalibomolewa. Simlaumu Kirkman, kazi yake ndiyo inafanya leo tuone kuta za Wareno, nyumba ya Waomani na michoro ya meli ambayo mabaharia walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Bila yeye huenda tungekuwa na jengo la ofisi tu. Mwaka 2011 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na ni haki yake. Lakini tuseme ukweli: sura iliyo karibu zaidi na sisi ndiyo iliyobomolewa ili tuone vizuri sura ya mbali. Michoro ya baharia Mreno aliyeboeka iko nyuma ya ulinzi. Alichokwaruza mfungwa ukutani, kama alikwaruza, kilikwenda na ukuta wake.

Na shosho ndiye aliuliza. Tulikuwa kivulini, siz amelala kwa mapaja ya mathe, jua sasa limekasirika kweli. Akamgeukia yule mzee: "Baba, na wafungwa walikuwa wanalala wapi?"

Mzee akatazama uwanja, akaonyesha kwa mkono, huku na huku, mahali ambapo sasa ni nyasi na mawe. Halafu akasema, "Mama, hilo watu hawaulizi. Wanauliza mizinga."

Shosho akaanza kuongea. Kwa Kikuyu kwanza, halafu akakumbuka mzee hasikii, akarudi kwa Kiswahili. Akaeleza vile baba yake alichukuliwa asubuhi akiwa na shati moja. Vile mama yake aliambiwa Manyani na hakujua Manyani ni jina la mtu au la mahali. Vile alirudi baada ya miaka akiwa hali chakula mbele ya watu, anageuka ukutani. Mathe, ambaye ni binti yake wa kumzaa, alikuwa anasikia hayo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na simu mkononi na sikurekodi. Msiniombe video.

Nikirudi Nairobi nimekuwa nikitembea mtaani nikisoma majina tofauti. Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliobeba mizigo ya jeshi la Mwingereza na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa, kama wale wa ngomeni. Soko la Burma lilipata jina kwa wanajeshi waliorudi kutoka Burma kwenye Vita vya Pili. Na Mbotela yetu? Imepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa KAU aliyeuawa Nairobi Novemba 1952. Baba yake, James Mbotela, alitoka Freretown, kijiji cha watumwa walioachiwa huru, ng'ambo tu ya maji kutoka kisiwa cha Mombasa. Ndiye aliyeandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka 1934. Nimeishi kwa hilo jina tangu nizaliwe, na mizizi yake iko upande wa pili wa yale maji tuliyokuwa tunayatazama kutoka ukutani tukila chapati.

Bendera nayo ina kisa. Ile nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya hiyo ngome hadi 1963, kwa sababu kwa karatasi ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa wake na Mwingereza alikuwa mpangaji. Jela ya Mwingereza chini ya bendera ya Sultani, ndani ya kuta za mfalme wa Uhispania. Wakenya ndio waliokuwa ndani.

Kama utaenda, na uende, beba maji ya kutosha, vaa kofia, na ukimaliza pitia Mji wa Kale ule viazi karai. Mwombe anayekutembeza akupeleke kisimani kabla ya mizinga. Muulize jela ilikuwa wapi.

Bro bado hajarudisha fomu. Inatakiwa Ijumaa. Jana usiku nilimkuta sebuleni na shosho, ana daftari, anamuuliza ile shati ilikuwa rangi gani.